Karatasi Kifudifudi

Jibu la swali la kumi na tisa lilikuwa arobaini na nane, na hilo halikuwa na mjadala. Nane mara sita ni arobaini na nane hapa Tabora, na hata ukipanda treni ukashukia Kigoma utakuta bado ni arobaini na nane. Kwa hiyo Mwalimu Valentino alipoanza kucheka peke yake mbele ya rundo lake la karatasi, walimu wenzake waliokuwa wakisahihisha darasani mle walidhani amekutana na kituko cha mtoto kama vilivyo vituko vyote.

"Jamani, huyu kapata thelathini na mbili," alisema.

"Mtoto kukosa hesabu nayo ni habari?" alijibu Mwalimu Advera, mwenyekiti wa kamati ya mitihani, bila kuinua macho.

"Basi nisikilize vizuri, dada. Hapa kwangu ninao saba. Wote thelathini na mbili. Nane mara sita, mtu anaipataje thelathini na mbili?"

Kicheko kikakoma. Kila mmoja akageukia rundo lake, wakaanza kufunua. Wakapatikana wengine wanne. Jumla kumi na mmoja, kutoka shule tatu tofauti, wote na jibu moja lile lile, limeandikwa safi bila hata kufutwa.

"Mtoto mmoja akikosea, huyo ni mtoto," alisema Advera akiweka chini kalamu yake nyekundu. "Kumi na mmoja wakikosea sawasawa, hao wana mwalimu. Mtihani umevuja tena."

Mwalimu Suzana alishika ukingo wa dawati lake. Ile thelathini na mbili yeye aliijua. Katika shule zote saba zilizoungana kufanya mtihani huu wa ujirani mwema, ni yeye peke yake aliyejua ilikotoka, kwa sababu ilizaliwa nyumbani kwake, katika chumba anacholala.

Mtihani alikuwa ameutunga yeye na kuuchapa yeye. Swali la kumi na tisa lilimhusu Mzee Lugembe wa Puge aliyevuna magunia manane ya karanga, na mtoto aliulizwa ni madebe mangapi. Mara ya kwanza Suzana aliandika kwamba kila gunia lina madebe manne. Nakala zilipoanza kutoka kwenye printa akasoma moja, akacheka mpaka akajishika kiuno. Yeye, mtoto wa Puge, aliyekulia mgongoni mwa mama anayepura karanga, anaandika gunia la madebe manne! Gunia ni madebe sita. Mama yake angelisikia lile angemwambia arudi nyumbani akafundishwe upya. Akasimamisha mashine, akasahihisha, akachapa ukurasa ule upya wote. Zile zilizokosewa zilikuwa zimefika kama mia moja.

Nane mara nne ni thelathini na mbili.

"Nitajie majina," Advera alimwambia Valentino.

Valentino akazikusanya zote, akaanza kutaja, na kwa kila jina walimu walitikisa vichwa, maana wote walikuwa watoto wa tuisheni ya Octavian, yule kijana anayefundisha kwenye banda nyuma ya stoo ya tumbaku. Alipofika karatasi ya tisa alinyamaza, akaisukuma chini ya nyingine.

"Nipe hiyo," Suzana alisema.

"Dada Suzana, achana nayo."

"Nipe, Valentino."

Julieth Ngassa, mwanawe. Mwandiko wa mviringo aliomfundisha yeye mwenyewe, mkono juu ya mkono, mezani nyumbani. Swali la kumi na tisa: thelathini na mbili.

Advera aliitazama karatasi, kisha akamtazama mwenye mtoto. "Mwalimu Suzana," alisema taratibu, "mwaka jana ulisimama hapa hapa ukatuambia siri ya mtihani haikai dukani, inakaa nyumbani. Tukachangishana, shule saba, tukanunua mashine, tukakupa ukae nayo. Sasa tuambie wewe. Jumanne kamati inakaa, na mimi nitataka maelezo ya maandishi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

*

Njia nzima ya kurudi nyumbani Ipuli Suzana aliitembea kwa miguu, na bodaboda waliomwita hakuwasikia. Kichwani mlikuwa na moshi. Siku ile ya kuchapa, saa kumi za jioni, alikuwa amesimama dirishani akimtazama mumewe akichoma zile karatasi zilizokosewa kwenye shimo la taka. "Nipe mimi nikachome," Ngassa alikuwa amemwambia, "wewe endelea na kazi, usije ukachanganya mbaya na nzuri." Akatoka nazo amezikumbatia kifuani. Akazitia kiberiti, akasimama pale na kijiti akichokoa mpaka ya mwisho ikawa jivu. Suzana alikumbuka vizuri alivyojisikia dirishani pale. Alijisikia mwanamke mwenye bahati.

Ngassa ni fundi pikipiki, mtu wa maneno machache, hanywi, Jumapili yuko kanisani kabla ya padri. Majirani walimtolea mfano. Mwaka jana, kabla mashine haijanunuliwa, ni yeye aliyekuwa akipeleka flashi ya mtihani mjini kwa Mzee Yahaya, mwenye duka la kutoa kopi, na kurudi na mabunda ya nakala nyuma ya pikipiki.

Na mtihani wa mwaka jana nao ulivuja. Suzana alipokuwa akisaga meno kwa hasira jioni moja, ni Ngassa huyo huyo aliyesema, akiwa anamenya muhogo, kana kwamba ni jambo limempitia tu: "Mimi yule mzee simwelewi. Karatasi zikitoka kwenye mashine yake anazigeuza zote kifudifudi. Mtu hageuzi karatasi bure."

Neno hilo Suzana alilibeba kama lilivyo mpaka kwenye mkutano. Mzee Yahaya aliitwa, akaja na kanzu yake ya Ijumaa, akapewa kiti cha mtoto wa darasa la pili maana ndicho kilichokuwepo. "Kama hana la kuficha," Suzana aliuliza mbele ya walimu wakuu saba, "mbona anazigeuza?" Watu wakapiga makofi. Mzee aliinuka kwenye kile kiti kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi nageuza ili nisisome. Marehemu baba yangu alikuwa akiwachapia watu barua kwa taipureta, akanifundisha hivyo. Makaratasi ya watu yana mambo ya watu." Hakuna aliyemsikiliza. Tangu siku ile hakuna shule hata moja iliyokanyaga dukani kwake.

*

Julieth alikuwa uani akifua sare yake ya shule. Suzana hakumsalimu, na Julieth aliposema shikamoo aliitikia kwa kichwa. Alivuta kigoda akaketi, akanyoosha ile karatasi juu ya goti lake.

"Swali la kumi na tisa. Nisomee."

Julieth alifuta mikono, akasoma. Alipofika kwenye madebe sita sauti ikapungua.

"Haya. Nane mara sita?"

"Arobaini na nane."

"Hapa umeandika ngapi?"

Povu la sabuni lilikuwa likimtiririka kwenye kiwiko.

"Julieth, mimi ni mama yako kabla ya kuwa mwalimu. Swali hili ulikuwa umeshaliona?"

"Ndiyo, mama."

"Ulilionea wapi?"

Julieth aliinua uso, na usoni kwake hamkuwa na hofu. Mlikuwa na mshangao. "Mama, si wewe ndiye uliyenipa?"

"Mimi?"

"Baba alisema ni wewe. Alisema mama kakutumia hii, kaifanye kwa Mwalimu Octavian, usimwulize mama chochote maana yeye ni mwalimu, itamharibia kazi. Na mwaka jana vile vile. Alisema mama anaona haya kukupa mwenyewe."

Mwaka jana Julieth alikuwa wa kwanza shule zote saba. Bibi yake wa Puge alituma jogoo mweupe kwa basi, Suzana akampika kwa karanga, wakala wote watatu wakicheka, Ngassa akamkatia mwanawe paja. Kumbe mezani pale kila mtu alikuwa na lake alilolijua. Mjinga alikuwa mmoja tu.

"Kwa hiyo miaka miwili hii," alisema polepole, "ulikuwa unajua mama yako anaiba mtihani."

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nakuchapa fimbo kwa kunakili kazi ya mwenzako. Nilipokuwa nakuambia habari za uaminifu. Ulikuwa unaniona mtu wa namna gani?"

Julieth aliinama, akaanza tena kuisugua sare mahali ambapo palikuwa pameshatakata. "Nilikuwa nakuona mama tu," alisema.

Lile ndilo lililomliza Suzana. Aibu ya darasani ilimpitia kavu, lakini neno lile la mtoto lilimwingia ndani kabisa, akalia pale pale uani, mbele ya beseni, bila kujificha.

*

Ngassa alirudi jua likiwa bado liko juu, mikono imejaa grisi, na mkate wa sinia umefungwa kwenye gazeti. Alimkuta mkewe mezani, mashine ya kuchapa iko mbele yake, imevuliwa kanga iliyokuwa ikifunikwa nayo. Akajua. Aliweka mkate chini kwanza.

"Octavian aliniambia ataifanya na Julieth peke yake," alisema. Hakuulizwa, alijisemea mwenyewe. "Kumbe kawagawia wote, anajijengea jina. Yule kijana si mtu."

"Octavian ndiye si mtu?"

"Mama Julieth, nisikilize."

"Nakusikiliza, Baba Julieth. Nimekusikiliza miaka kumi na minne."

Ngassa alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. "Mimi nilifeli darasa la saba. Unajua. Pale shuleni Lusu siku matokeo yanasomwa nilisimama mpaka jina la mwisho, langu halikuitwa. Baba aliniambia kachukue fimbo ukachunge. Nilitaka huyu asisimame vile. Nilichukua karatasi moja tu, zile nyingine zote nilizichoma. Nilijua zimeharibika wino, sikujua kuna swali limebadilishwa."

"Ungejua ungesubiri nzuri."

Ngassa aliegemeza mkono mezani.

"Julieth ni mzuri wa hesabu," Suzana alisema. "Hivi hukuwahi kuliona hilo? Angefaulu mwenyewe. Umemwibia ushindi wake, hata yeye sasa hajui kama ana akili au hana. Lakini hilo ni la mtoto wako, utalijibu kwake. Mimi nataka unijibu moja. Mzee Yahaya."

"Yahaya kafanyaje?"

"Wewe ndiye uliyeniambia anageuza karatasi. Ukiwa umekaa hapo ulipokaa. Unamenya muhogo. Ulikuwa unajua mwizi ni nani, ukaniwekea neno mdomoni, nikaenda kumvua nguo mzee wa watu mbele ya kadamnasi. Nilipofika nyumbani ukaniuliza mkutano umeendaje. Nikakusimulia. Ukasema, umefanya vizuri."

Grisi ilikuwa imeacha alama ya vidole vinne vya Ngassa kwenye kitambaa cha meza. Alijaribu kuifuta kwa kiganja, akaizidisha.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Niliogopa utaniona kama baba alivyoniona." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya fundi anayemshawishi mteja. "Sasa tufikirie vizuri. Jumanne waambie karatasi ziliokotwa shimoni. Moto ulizimika, watoto wa mtaani wakaokota. Nani atabisha? Hata majivu yameshapeperuka. Utapata onyo, basi. Ukisema vingine utapoteza hata kazi, mtoto atachekwa, na mimi pale gereji nani ataniachia pikipiki yake?"

Uongo ulikuwa mzuri. Suzana, mtu wa kutunga maswali, aliuona jinsi ulivyokaa sawa kila upande, hauna hata pengo. Akatambua kwamba mtu hawezi kutunga uongo wa namna ile papo kwa papo. Mumewe alikuwa nao tangu siku ya moto, ameuhifadhi. Jambo hilo lilimuumiza kuliko karatasi yenyewe.

"Watoto wa mtaani," alirudia. "Mwaka jana mzee. Mwaka huu watoto. Mwakani utamtafuta nani?"

"Kwa hiyo utaniandika?"

"Nitaandika kilichotokea."

"Mumeo? Kwa mkono wako mwenyewe?"

Suzana alivuta kompyuta ya shule karibu, akaifungua. Ngassa alisimama nyuma yake muda, akingoja labda ageuke. Hakugeuka. Mkate wa sinia ulibaki kwenye gazeti lake mpaka ukakauka.

*

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, alikwenda mjini kwa Mzee Yahaya. Flashi aliishika mkononi, hakuitia hata mkobani.

Duka lilikuwa limepungua. Zamani mlikuwa na mashine mbili kubwa za kutoa kopi, na watu wamepanga foleni mpaka barazani. Sasa ilikuwepo moja, na pale ilipokuwa ya pili sakafu ilikuwa na mraba wa rangi mpya mpya, na mzee alikuwa ameweka hapo ndoo za madaftari.

"Shikamoo, Mzee Yahaya."

Mzee alimtambua. Alikawia kidogo tu, lakini alikawia. "Marahaba, Mwalimu. Karibu." Akachukua kitambaa, akapangusa kiti kikubwa, cha mtu mzima, akamsogezea. Suzana alitamani angemtukana.

"Nina barua. Ukurasa mmoja."

"Nakala ngapi?"

"Tisa."

Mzee Yahaya aliingiza flashi, akauliza jina la faili, akabonyeza, akageuza uso pembeni ukutani wakati maandishi yakijitokeza kwenye kioo. Mashine ikaguna. Karatasi zikaanza kutoka, na kila moja ilipotoka mkono wa mzee uliipokea na kuilaza kifudifudi juu ya meza, moja juu ya nyingine, ukizihesabu kwa kidole gumba. Suzana alitazama mkono ule. Mwaka mzima uliopita aliutangaza kuwa mkono wa mwizi.

"Tisa," mzee alisema, akazisawazisha kingo, akamsukumia bila kuzigeuza.

Suzana alihesabu saba akaziweka mkobani. Ya nane aliirudisha mezani, akaigeuza, maandishi juu.

"Hizo ni za shule saba. Hii ni yako, Mzee. Nakuomba uisome."

"Mimi sisomi karatasi za wateja."

"Naijua desturi yako. Nakuomba hii uisome."

Mzee alimtazama, akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisoma taratibu, midomo ikitembea. Alipofika mahali palipoandikwa jina la Ngassa mume wangu, alisita, akayainua macho kidogo, akayarudisha. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba Mzee Yahaya hakuhusika mwaka jana wala mwaka wowote, na kwamba aliyemsingizia hadharani ni mimi mwandishi wa barua hii, na kwamba namwomba radhi hadharani vile vile, alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanzu. Akaivaa tena, akarudia kuanzia juu.

Barazani mtu aliita kuuliza bei ya madaftari. Hakujibiwa.

"Ile mashine nyingine niliiuza mwezi wa tatu," mzee alisema mwishowe.

"Nimeona, Mzee."

"Si kwamba nakudai. Nakuambia tu, ujue."

"Bora umeniambia."

Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake, upande wa moyo, akapiga hesabu ya nakala nane badala ya tisa. Suzana alilipa zote tisa, na mzee hakubishana naye. Ndipo alipoiona ile moja iliyobaki juu ya meza, bado imelala kifudifudi.

"Shule saba, na mimi wa nane," alisema. "Hii je?"

"Hiyo ni ya nyumbani. Kuna mtu pale anatakiwa kuisoma kabla ya kamati."

"Ya nyumbani?" Mzee Yahaya alishangaa kweli, hakukuwa na dhihaka katika sauti yake. "Lakini Mwalimu, nyumbani si mnayo mashine? Mbona usichapie huko huko?"

Suzana aliiokota ile karatasi, akaitia mkobani vile vile ilivyolala.

"Mashine ipo, Mzee," alisema. "Mtu wa kumwachia karatasi ndiye hayupo."

Akaaga, akatoka, maana kengele ya shule ilikuwa imekaribia na darasa la saba lilikuwa na mtihani wa kurudia, uliotungwa safari hii na Mwalimu Advera.